Jinsi Tulivyoubeba Mshipa wa Mzee Dida hadi Nairobi

Wenzangu wa karakana, na nyinyi majirani wa Chechelesi, hapa Isiolo, mnaonisimamisha kila nitokapo msikitini, mmeuliza vya kutosha. Kila mmoja ana habari yake. Nimesikia kwamba Mzee Dida alitolewa moyo ukaoshwa, kwamba amefungwa betri, na kwamba mimi ndiye niliyempasua. Hakuna hata moja lililo kweli, ingawa hilo la mwisho sikulikanusha haraka kama nilivyopaswa.

Nimeamua kuandika badala ya kusimulia. Sababu iko mwishoni, na naomba msirukie huko. Mambo ya barua, mihuri na foleni ya kupata kitanda nimeyaacha, maana hayo mnayajua na hayajawahi kumfurahisha mtu.

Kulamawe

Mzee Dida ni mjomba wangu, ndugu wa marehemu mama. Anaishi Kulamawe na mke wake Kabale, pamoja na ngamia ambao hawahesabu mbele ya watu. Umri wake ni themanini akitaka kuheshimiwa na sitini akitaka kuachwa atembee peke yake.

Kwa miezi kadhaa alikuwa na homa. Ilikuja jioni, ikamtoa jasho, ikaondoka asubuhi kama mgeni asiyeaga. Mjini aliandikiwa malaria mara tatu. Kisha mgongo ukaanza kuuma, na siku moja Kabale alipokuwa akimpaka mafuta tumboni alikuta kitu ukubwa wa ngumi kinapiga chini ya mkono wake. Alinitumia ujumbe kwa dereva wa lori: "Mjomba yako iko na pampu kwa tumbo. Kuja."

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza mitambo ya visima. Nilibeba spana zangu. Nasema hili kwa sababu mtalisikia kwa wengine.

Nilikuta wataalamu wawili wamenitangulia. Mmoja alikuwa mzee wa kuchoma, anayetibu kila ugonjwa kwa chuma cha moto, nacho kilikuwa tayari kwenye makaa. Wa pili alikuwa dresa mstaafu, aliyefunga vidonda hospitalini zamani, mwenye chumba cha dawa nyuma ya duka fulani. Yeye aliamua kwamba ni jipu la ndani, na kisu chake kilikuwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hawakubishana kama mgonjwa aguswe. Walibishana nani aanze.

Niliomba dakika moja. Niliweka vidole vya kulia kwenye kifundo cha mkono wa mzee na kiganja cha kushoto juu ya uvimbe, nikahesabu. Vilipiga pamoja, bila kupishana hata mara moja.

"Usaha haupigi," nikasema.

"Wewe fundi," dresa akanijibu, "rudi kwa jenereta yako."

"Ndiyo nimerudi. Hili ni bomba limevimba mahali palipolegea. Toboa bomba lenye presha uone litamlowesha nani."

Dresa alijitazama. Alikuwa amevaa shati jeupe, jipya. Alikitoa kisu kwenye maji, akakifuta, akakirudisha mfukoni. Watu husema elimu yangu ndiyo iliyomwokoa mzee siku hiyo. Kwa uaminifu ni lile shati.

Mzee wa kuchoma hakuwa na shati, kwa hiyo yeye alituchukua muda zaidi. Aliondoka tu Kabale alipomwambia kwamba tunakwenda Nairobi, na kwamba akitaka kuchoma atufuate huko.

Kulamawe hadi Isiolo

Tulipata lori la mbuzi wanaopelekwa mnadani. Barabara ile mnaijua: mawe kama meno, na dereva anayayatafuta. Nilijua kwamba mrusho mmoja mbaya ungeweza kumaliza safari kabla haijaanza, kwa hiyo nilijaza tyubu ya gurudumu la lori upepo nusu, nikaifunika blanketi, nikamkalisha mzee juu yake. Kila lori liliporuka, mbuzi waliruka, mimi niliruka, na Mzee Dida akapanda na kushuka taratibu kama mtu aliye juu ya ngamia wake.

"Hii ni nzuri," akasema. "Kwa nini ulinificha?"

Mapajani alikuwa na gorfa, kile chombo chetu cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi na kufukizwa moshi. Kabale alikijaza maziwa ya ngamia asubuhi ile ile. "Mgonjwa bila maziwa," aliniambia tukiondoka, "hiyo ni maiti inangoja." Niliafiki. Niliafiki sana, na ni vizuri mkumbuke.

Karibu na mji tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alitaka vipande, yaani vitambulisho. Alikitazama cha mzee, akamtazama mzee, akakitazama tena.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi kabla ya nyinyi kuniangalia sana," mzee akajibu.

Askari akaamuru ashuke, asimame, afungue blanketi, aonyeshe alichokalia. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba mgonjwa asisumbuliwe kwa sababu kuna kitu tumboni mwake kinachoweza kupasuka. Askari akarudi hatua mbili.

"Kinapasuka saa ngapi?"

"Hatujui."

"Sasa mnangoja nini hapa? Pita. Pita haraka."

Niliiandika ile sentensi yangu ya kitu kinachoweza kupasuka katika daftari langu kama kifaa cha safari.

Isiolo hadi Timau

Basi la kwenda kusini liliondoka kwa kuchelewa saa mbili na dakika arobaini. Konda alikuwa ameahidi kwamba tunaondoka sasa hivi, na akaendelea kuahidi kwa muda wote huo bila kuchoka. Tulipoanza kupanda mlima, baridi ilituingia. Mzee hakuwa amewahi kufika Timau. Alitazama mashamba ya ngano nje ya dirisha, akauliza ni mifugo ya nani inayoruhusiwa kula majani mazuri kiasi hicho. Nilipomwambia kwamba hakuna, aligeuka kuyatazama tena mpaka injini ilipozimika.

Ilizimika Timau penyewe. Dereva alifungua mdomo wa basi na abiria wanaume wote wakakusanyika kutazama, kama ilivyo desturi. Mimi nilitazama mara moja, nikasema pampu ya mafuta imekufa. Dereva akasema ni betri. Walisukuma basi kwa saa nzima ili kuiheshimu kauli ya dereva, kisha wakatangaza kwamba ni pampu ya mafuta.

Wakati huo homa ya mzee ilikuwa imeanza kupanda, na mkono wangu kwenye tumbo lake uliniambia kwamba ile pampu nyingine inafanya kazi zaidi ya inavyotakiwa.

Timau hadi Nanyuki, juu ya maziwa ya watu

Aliyetuokoa anaitwa Mutwiri, Mmeru mwenye kofia ya sufu, dereva wa lori la kubeba mikebe ya maziwa kwenda kiwandani. Nilikuwa nimejifunza, kwa hiyo nilimwambia kuhusu kitu kinachoweza kupasuka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kifaa kinachofungua kizuizi kinaweza kufunga mlango.

"Ndani ya gari yangu? Hapana, ndugu. Hata mkebe ukimwagika naulizwa."

Mzee Dida akaingilia kutoka kwenye tyubu yake kando ya barabara. "Habari, kijana. Hiyo yote ni maziwa?"

"Mzuri, mzee. Yote."

"Basi mimi nitakufa hapa naangalia maziwa, na wewe utaendelea kuamkia hiyo kazi kila siku."

Mutwiri alivua kofia, akaivaa tena. "Ingieni mbele," akasema.

Tulikaa watatu mbele, mzee katikati juu ya tyubu, kichwa kikigusa paa. Alitaka kujua kila kitu. Maziwa haya yanapelekwa wapi? Kiwandani. Yanafanywa nini? Yanachemshwa. Mzee akageuka polepole kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

"Yanachemshwa?"

"Yote, mzee. Kuua ugonjwa. Halafu inawekwa kwa paketi."

Kwetu, kama mnavyojua, maziwa ya ngamia hayachemshwi. Ukiyachemsha, chuchu za ngamia aliyeyatoa zinakauka. Sijawahi kumwona mtu aliyejaribu, na hiyo ndiyo sababu hakuna aliyewahi kukanusha.

"Na hizo ng'ombe hazikauki?"

Mutwiri alifikiri. Ni mtu mwenye adabu. "Mzee, hizi ni za gredi, za kizungu. Hazijui inachemshwa. Kiwanda iko mbali."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuelewa. "Ndiyo maana waliijenga mbali," akasema.

Nilicheka nikitazama nje. Mtu aliyejisomea tiba mwenyewe hupenda kucheka akitazama nje. Pale Nanyuki Mutwiri alitutafutia basi jingine, akamwambia konda kwamba mzee ana mafua.

Nairobi, wadi ya wanaume

Sista wa wadi alianza kwa kuichukua tyubu. Nilimweleza tyubu ile ni ya kazi gani. Akasema hospitali ina magodoro. Nililikagua godoro lenyewe na nikalitandika tu, maana tulikuwa wageni.

Walimpiga picha ya mishipa, na daktari mpasuaji, mtu mfupi anayesema polepole, aliniita niione. Mshipa mkuu unaotoka moyoni na kushuka tumboni, wenyewe wanauita aota, ulikuwa umevimba chini ya figo kama tyubu iliyopata udhaifu upande mmoja. Damu iliyopimwa ilikuwa na vijidudu vya brusela. Hao ndio wenye ile homa ya jioni. Walikuwa wameingia mwilini, wakasafiri na damu, wakaona ukuta wa mshipa wa mtu mzee uliochakaa, wakafanya makao humo na kuula.

"Kwa kijana," daktari akasema, "ningefungua tumbo, nikate kipande kilichooza, niondoe uchafu. Mjomba wako moyo wake haufai kwa kazi hiyo. Akikatwa tumbo hatoki mezani."

"Na asipokatwa?"

"Mshipa utapasuka. Labda mwezi huu, labda ujao." Akachora kwenye karatasi. "Kwa hiyo tumbo hatuligusi. Tunapitisha bomba la kitambaa chini ya ngozi, kutoka hapa begani, kando ya mbavu, hadi mapajani. Damu ya miguu ipite barabara mpya. Halafu kupitia mshipa wa mkono tunaingiza mrija mwembamba mpaka kwenye uvimbe, tunaacha vijiwaya humo, damu igande, ile njia ya zamani izibe."

Nilifurahi. Ni kazi ninayoifanya mimi kila mwaka. Bomba likioza chini ya saruji huchimbui saruji. Unalaza jipya juu ya ardhi na kufunga valvu ya zamani. Nilimwambia hivyo. Akanitazama kama mtu aliyepata msaidizi ambaye hakumwomba.

"Ila bomba la zamani litabaki na wadudu," akasema. "Lazima tuwapunguze kwanza kwa dawa, na dawa ziendelee muda mrefu sana. Wakihamia kwenye bomba jipya, sina barabara ya tatu."

Sindano na vidonge vikaanza. Wiki ya pili homa iliisha. Wadi nzima ilijua ugonjwa wa mzee kwa sababu mimi niliwafundisha, kitanda hadi kitanda, kwa michoro. Wiki ya tatu homa ikarudi.

Daktari alibadilisha dawa. Homa ikabaki. Akauliza mgonjwa anakula nini, na sista akasema chakula cha wadi. Nikaona hapa ndipo utaratibu unapoheshimika. Nikamkabidhi daktari daftari langu, ambamo nilikuwa nimeandika kila kitu kilichoingia kinywani mwa mgonjwa, saa na kiasi.

Alisoma kurasa mbili. Akachukua kalamu yake, akapiga mstari chini ya maneno fulani, kisha chini ya maneno hayo hayo siku mbili baadaye, na tena.

"Hii gorfa ni nini?"

Nilimweleza kwa fahari. Mzee hakupenda maziwa ya paketi, alisema yana ladha ya ukuta. Basi nikapanga: Kabale anajaza gorfa Kulamawe, lori linaileta Isiolo, konda wa basi anaileta Nairobi, mimi naipokea kituoni na kuipitisha langoni chini ya koti. Kila baada ya siku mbili, bila kukosa hata mara moja. Sijawahi kupanga kazi ikaenda vizuri namna ile.

"Yamechemshwa?"

"La. Ni ya ngamia."

Daktari alifunga daftari taratibu. "Brusela wanakaa ndani ya maziwa mabichi," akasema. "Mimi namwaga dawa juu, na wewe unamwaga ugonjwa chini. Unaandika na saa."

Katika kitabu changu cha tiba, ambacho nilikinunua sokoni bila jalada, jambo hilo limeelezwa. Nilikuwa nimelisoma. Nilikuwa nimepiga mstari chini yake kwa penseli yangu mwenyewe. Lakini kitabu kilisema maziwa ya mbuzi na ng'ombe, na mimi ni mtu sahihi.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, niliyemfundisha zaidi kuliko wote, aliuliza kama kesho kuna somo.

Niliandika barua kwa Kabale, nikampa konda pamoja na gorfa tupu: usilete tena, daktari anasema maziwa yachemshwe. Jibu likarudi kwa mdomo wa konda yule yule, mbele ya abiria wote: "Mama anasema, mwambie daktari achemshe ya ng'ombe yake."

Mezani

Maziwa yalipokoma, homa ilikwisha. Daktari aliifanya kazi yake kama alivyoichora. Mzee alipoamka, kitu cha kwanza alichofanya ni kujikagua.

"Daktari, ulisema hunikati."

"Nilisema sikukati tumbo, mzee."

"Hapa bega, hapa paja, na hapa paja. Mimi nahesabu tatu."

"Hizo ni ndogo."

"Ndogo kwa nani?"

 Daktari alichukua mkono wa mzee, akauweka kwenye mbavu za mzee mwenyewe. Chini ya ngozi lile bomba jipya lilikuwa linapiga. Mzee alilisikiliza kwa vidole kwa muda mrefu. Kisha akauteremsha mkono tumboni, mahali pa ile pampu ya zamani. Palikuwa kimya.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alikaa kitandani kwake. "Vidonge kila siku, usiache. Na maziwa mabichi usiyaguse mpaka mwisho wa maisha yako. Ukinywa mara moja, wadudu watakaa kwenye bomba hilo, na utakufa. Umekubali?"

"Nimesikia," mzee akasema.

Daktari aliridhika, maana si mtu wa kwetu. Mimi sikuridhika. Nilimuuliza mzee tukiwa kwenye basi: kwao Kulamawe watu watakuja kumwona, na wataleta maziwa, naye atafanyaje?

"Mwanamume akikataa maziwa ya mtu," akanijibu, "amemkataa mtu."

"Utakufa, mjomba."

"Nimesikia hiyo pia."

 Nilijaribu michoro. Akalala.

Kurudi

Timau tulipita bila kusimama, nikaona lori la mikebe mbali, lakini sikuweza kujua kama ni Mutwiri. Ng'ambo ya Isiolo, kwenye kizuizi, tulimkuta askari yule yule.

"Kilipasuka?" akaniuliza.

Mzee akamwita karibu, akamshika mkono, akaubandika kwenye mbavu. Askari aliusikia mpigo, akautoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Vipande havikuulizwa.

Kulamawe walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba. Salamu zilichukua nusu saa, na nusu saa nyingine kila mtu akapitisha kidole kwenye mbavu za mzee. Hata dresa alikuja. Alibonyeza bomba, akatangaza kwamba ndivyo alivyokuwa anakusudia kufanya.

Kisha jirani wa mzee, Mama Halima mwenye duka, akasema kwamba ngamia wake wamekamuliwa kwa ajili ya siku hii. Maziwa yalikuwa yameshaingizwa kwa Kabale mapema, kama inavyotakiwa, ili mwenye nyumba ndiye ayalete. Kabale alitoka na gorfa mikononi mwake, akampa mumewe. 

Niliitazama gorfa ile na nikaona safari yote: tyubu, mikebe, wiki za sindano, bomba la kitambaa lisilo na barabara ya tatu. Mzee Dida aliipokea kwa mikono miwili. Aliomba dua ya mvua, ya mifugo, ya mwenye maziwa. Aliinua chombo. Mimi nilisimama, sijui nifanye nini, labda nimpige kumbo.

Kilipofika karibu na mdomo, akakishusha.

"Damu yangu siku hizi inapita kwa bomba," akasema. "Na bomba iko na fundi wake. Huyu, mtoto wa dada yangu, ndiye alinibeba kwenda na kurudi. Basi maziwa ya kila mgeni wangu atakunywa yeye. Akinywa yeye, nimekunywa mimi. Mpaka siku nitakufa."

Wazee waliguna kwa kukubali. Mtoto wa dada ana nafasi hiyo kwetu. Hakuna aliyeweza kuona kasoro. "Ametoa haki," mmoja akasema. Mama Halima alitabasamu. Na gorfa ikawa mikononi mwangu.

Wenzangu, mimi ndiye niliyefundisha wadi nzima kilichomo ndani ya maziwa mabichi. Nilikuwa na michoro ya vijidudu mfukoni. Nilimtazama mjomba, naye alinitazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri mashine ianze. Desturi hairuhusu kuacha nusu. Nilikunywa yote. Yalikuwa matamu, yenye moshi mwingi kuliko kawaida, na wakati naifuta midomo nilikuwa nahesabu wiki hadi homa ya kwanza.

Watu walipotawanyika, Kabale aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekasirika.

"Umekunywa yote."

"Ningefanyaje, mama?"

"Ilikuwa yake. Nilichemsha alfajiri."

Nilimwomba arudie.

"Nilipeleka maziwa ya Halima nyuma ya duka lake, mbali na boma. Nikangoja upepo utoke kwa ngamia kuja kwangu, wasinuse. Nikachemsha, nikapoza, nikafukiza gorfa mara mbili ili mzee asijue. Angekunywa mbele ya watu, heshima yake ibaki, na asife. Miezi miwili nafikiria hiyo. Sasa nyinyi wawili mmekuwa werevu."

"Lakini ulinijibu daktari achemshe ya ng'ombe wake."

Alinitazama kwa huruma. "Barua yako dereva wa lori alisoma kwa sauti hapa katikati ya soko. Watu wote wanasikia, na ngamia zimefungwa hapo karibu. Ulitaka niseme nini?"

 Lori la mikebe lilinijia akilini, na kiwanda kilichojengwa mbali.

"Nitaendelea kuchemsha," akasema, "kwa sababu sasa ni wewe utakunywa. Lakini usimwambie mzee. Akijua, atasema nilimdharau mbele ya wageni. Na usiseme karibu na ngamia."

Nikaahidi kutosema.

Mzee Dida yuko salama. Anakunywa chai, anameza vidonge vyake, na anatoza kila mgeni salamu moja ya ziada kwa kugusa bomba. Mimi huitwa Kulamawe kila wageni wakubwa wanapofika, na nisipokuwepo gorfa inaning'inizwa mlangoni kwa jina langu. Sina homa. Maziwa ya ngamia nimeyapima kwa kikombe kile kile katika ziara tatu, wa Mama Halima na wa mzee: wanakamuliwa kama zamani.

Ahadi nimeitunza. Sijamwambia mtu hata mmoja, nimeandika tu. Nanyi mkiusoma ukurasa huu kwa sauti, usomeni hapa Chechelesi, dirisha la upande wa Kulamawe likiwa limefungwa. Mzee Dida hasomi. Ngamia nao hawasomi, mpaka sasa.